Rasi wa Kununua kwa Tangi la Maji Chumvi Arusha na Moshi: Nani wa Kwanza, Nani wa Kuachwa Baharini

Kama tangi lako lina nafasi ya rasi (samaki aitwaye wrasse kwa Kiingereza) mmoja tu, mchukue Halichoeres cosmetus. Ni samaki wa upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, urefu wake hauzidi sana sentimita 13, hana ugomvi, na hula karibu kila chakula cha nyama anachopewa. Wengine nitawapanga hapa chini kwa zamu. Kwanza lakini nieleze ninavyowapima, kwa sababu orodha nyingi za samaki hawa zimeandikwa na watu wanaokaa usawa wa bahari, karibu na maduka yaliyojaa samaki wa maji chumvi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Moshi mita 800 na zaidi, na samaki wetu mara nyingi hufika kwa basi.

Rasi ni jamii ya Labridae, ndugu wa pono, yenye spishi zaidi ya 500. Humo kuna samaki mdogo kuliko kidole chako na kuna Cheilinus undulatus anayeweza kufika mita mbili. Ukimwambia muuzaji "nitafutie rasi mzuri" umemwachia yeye uamuzi. Andika jina la kisayansi kwenye oda na udai picha ya samaki mwenyewe, wala si picha iliyotolewa mtandaoni.

Mimi huangalia mambo matatu: anatoka wapi, akikomaa anakuwa na ukubwa gani, na usiku analala wapi. La tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua samaki wengi. Halichoeres na Macropharyngodon hulala wamejifukia mchangani, na wakishtuka mchana hukimbilia hukohuko. Ukimweka kwenye tangi lisilo na mchanga atajigonga kwenye kioo hadi mdomo uchubuke. Cirrhilabrus na Pseudocheilinus wao hulala kwenye nyufa za mawe, ndani ya kifuko cha ute wanachojitengenezea wenyewe. Kwa hiyo angalia kwanza sakafu ya tangi lako, halafu ndiyo uangalie rangi.

Kuhusu anakotoka, rasi wa Indonesia au Ufilipino hufika na saa ya kwao mwilini. Bali imetutangulia saa tano. Kwake jua huzama wakati kwetu ni mchana, basi anajifukia na kukosa milo, na huchukua siku nyingi kuzoea. Rasi wa pwani ya Tanzania au Kenya hana shida hiyo. Amka yake na lala yake ni sawa na yetu.

1. Halichoeres cosmetus. Mwili una michirizi ya rangi ya machungwa na kijani cha bluu inayokwenda kichwani hadi mkiani. Mpe mchanga laini wa sentimita tano au zaidi, tangi la lita 200 kwenda juu, na chakula mara mbili au tatu kwa siku. Matumbawe hayagusi. Konokono wadogo sana na kamba wadogo anaweza kuwala, hilo lijue mapema. Ninachompendea zaidi ni kazi anayofanya: kutwa nzima anapekua mawe akitafuta minyoo bapa na vidudu vinavyosumbua matumbawe na konokono. Kwa mtu anayeanza sioni wa kumzidi.

2. Cirrhilabrus exquisitus. Huyu ni wa kuogelea katikati ya maji, si wa kupekua chini. Kwenye mwamba huishi kwa kudaka planktoni, vidudu vidogo vinavyoelea majini, inayopita. Dume akitaka kujionyesha kwa jike, rangi zake hubadilika na kung'aa mbele ya macho yako. Hufika sentimita 12 na hapatani na dume mwenzake wa spishi hiyohiyo. Nunua jike, au dume mmoja na majike. Rasi huanza maisha wakiwa majike, kisha mmoja, kwa kawaida mkubwa wao, hugeuka dume, kwa hiyo jike mdogo mwenye afya si hasara hata kidogo. Nimemweka wa pili kwa sababu moja: anaruka. Tangi lisilofunikwa litampoteza.

Kundi hili lina samaki anayetuhusu sana. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza spishi mpya, Cirrhilabrus wakanda, iliyopatikana mashariki ya Zanzibar kwenye miamba ya kina cha mita 50 hadi 80, mwenye magamba yenye zambarau nzito. Si samaki wa kuagiza kwa tangi la kwanza wala la pili. Namtaja ili ujue kwamba bahari yetu bado haijamaliza kutuonyesha ilicho nacho.

3. Pseudocheilinus hexataenia, rasi wa mistari sita. Wengi wangemweka wa kwanza. Ni mdogo, sentimita saba na nusu hivi, mgumu wa kufa, hahitaji mchanga, na kwenye tangi la lita 100 na kidogo anaishi vizuri. Tatizo ni tabia. Akishaliona tangi kuwa lake, kila samaki mpole atakayeingia baada yake atafukuzwa hadi aache kula. Ukimtaka, awe wa mwisho kuingia, na usimchanganye na Cirrhilabrus. Kwa mwenye tangi dogo lenye samaki wabishi hana neno. Kwa mwenye ndoto ya kufuga rasi kadhaa, mruke.

4. Halichoeres iridis. Mwili wa hudhurungi iliyoiva, kichwa cha manjano ya machungwa chenye mistari ya kijani. Kwa uzuri tu angekuwa wa kwanza. Ni wa magharibi ya Bahari ya Hindi pia na hupita kidogo sentimita 11. Nimemshusha kwa sababu safari humchosha kuliko cosmetus, na huchelewa kuanza kula. Mnunue baada ya kuhakikisha tangi lako limetulia.

5. Macropharyngodon bipartitus. Jike ana madoa kama ya chui, na kila anayemwona anamtaka. Tafadhali subiri. Samaki huyu hula vidudu vidogo vinavyoishi kwenye mawe na mchanga, na tangi changa halina vidudu hivyo. Wengi hufa njaa wiki chache baada ya kununuliwa, tumbo limebonyea. Tangi la mwaka mmoja au zaidi lenye mawe mengi, na samaki uliyemwona mwenyewe akila chakula kilichogandishwa kisha kuyeyushwa: bila hayo mawili usitoe hela.

Kuna wa kuacha kabisa. Wa kwanza ni Labroides dimidiatus, msafishaji, yule mwenye mstari mweusi na bluu. Kazi yake baharini ni kuwatoa samaki wengine wadudu wa ngozini, na mmoja anaweza kuhudumia zaidi ya samaki 2,000 kwa siku. Tangi la nyumbani lina samaki sita au kumi, atakula nini? Wengi hudhoofika taratibu. Na mwamba ulionyang'anywa wasafishaji wake hupungukiwa samaki kadiri miaka inavyokwenda, hilo limepimwa Australia. Ni samaki mwenye akili ya ajabu pia: mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha akijikagua alama ya mwilini kwa kujitazama kwenye kioo. Mwache afanye kazi yake.

Coris cuvieri akiwa bado mdogo ana rangi nyekundu ya machungwa na mabaka meupe, anauzwa akiwa na urefu wa kidole, na huyu ndiye anayewanasa wanunuzi wengi. Akikomaa hukaribia sentimita 40, rangi ile imekwisha, na kamba na kaa wote wameliwa. Ndugu yake Coris formosa hufika 60. Thalassoma lunare amejaa kwenye miamba yetu na kwa hiyo atauzwa rahisi, lakini ni mkali na mkubwa. Novaculichthys taeniourus hupindua mawe kutafuta chakula. Fikiria matumbawe yako juu ya mawe hayo. Cheilinus undulatus asikuingie hata akilini: biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, alikoorodheshwa mwaka 2004.

Sasa maji. Kabla ya samaki yeyote, fedha yako iende hapa. Maji ya maeneo mengi ya Arusha, hasa yatokayo miteremko ya Meru, yana floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Maji ya bahari yenyewe yana kama 1.3, na chumvi ya akwaria huiongeza hiyo kwa makusudi. Ukichanganya chumvi kwenye maji ya bomba unarundika floridi juu ya floridi, bila kutaja klorini na nitrati. Tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa utando unaoondoa karibu madini yote. Ukinunua kwa madumu kwa wauza maji ya kunywa, waombe yale ambayo bado hayajarudishiwa madini, na uwe na kipimo cha TDS, kinachoonyesha kiasi cha madini kilichobaki majini, mfukoni. Moshi wana bahati ya chemchemi za Kilimanjaro, lakini hata huko ningechuja. Chumvi ni gramu 35 hivi kwa kila lita, iwe chumvi ya akwaria, si ya mezani, na upime msongamano wa maji (specific gravity) ufike 1.025.

Jambo ambalo sijaona likiandikwa kwa ajili yetu ni hewa. Huku juu kanieneo ya hewa ni pungufu, kwa hiyo maji hayawezi kushika oksijeni nyingi kama pwani. Maji chumvi ya nyuzi 25 yakishiba hewa Tanga yanashika karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Arusha ni 5.7 hivi, Moshi 6. Rasi ni samaki asiyetulia, anatumia hewa nyingi. Usijaze samaki kama vitabu vya wenzetu vinavyoruhusu, elekeza pampu isukasuke uso wa maji, na kama unaweza weka skima, kifaa cha kutoa uchafu majini kwa mapovu. Umeme ukikatika usiku, samaki wa Arusha wana muda mfupi kuliko wa Tanga kabla ya kuanza kuhema juu. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni kifaa cha lazima kwetu.

Baridi ya Juni na Julai nayo haichezewi. Rasi wanataka nyuzi 24 hadi 26, na chumba kisicho na hita kitashuka mbali chini ya hapo alfajiri. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikifa, nyingine inakubakishia muda. Kifuniko kiwe wavu wa plastiki wa matundu madogo. Wavu wa dirisha wa chuma utaota kutu na kudondokea majini. Mchanga mweusi wa mitoni kwetu ni wa volkano, una kingo zinazokwaruza ngozi ya samaki anayejifukia. Nunua mchanga mweupe laini wa akwaria.

Wauzaji ni wachache, na wengi watakupa samaki kwa oda. Mwombe muuzaji kibali cha uvuvi wa samaki wa mapambo. Samaki wa Kenya, nchi yenye biashara hii ya miaka mingi, anayepita Holili au Namanga awe na kibali cha kuingizwa nchini na cheti cha afya. Usikubali samaki aliyetolewa ndani ya hifadhi ya bahari, hata bei ikuvute vipi.

Kama anatoka Tanga au Dar, kila samaki awe kwenye mfuko wake, mifuko ndani ya deli iliyofungwa vizuri. Mwambie anayefunga asijaze oksijeni hadi mfuko ukakamae: hewa iliyofungwa pwani hutanuka kwa karibu sehemu moja ya sita ikifika Arusha, na mfuko uliokakamaa unaweza kuachia njiani. Deli isikae kwenye buti karibu na injini. Kuanzia Korogwe hadi Same joto ni kali, halafu unapanda baridini. Deli nzuri ndiyo inayozuia hayo yote kumfikia samaki.

Akifika, au ukiwa dukani, tazama tumbo likiwa limejaa, mdomo usio na kidonda, macho maangavu. Cirrhilabrus anayeogelea mkia juu kichwa chini alipandishwa haraka kutoka kina kirefu na kibofu chake cha hewa kimeumia. Mrudishe. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, au akutumie video ya siku hiyohiyo.

Mtenge wiki tatu au nne kwenye tangi la pembeni ili wadudu kama Cryptocaryon, wale wa ugonjwa wa madoa meupe, wasifike kwa wengine. Kwa Halichoeres weka humo bakuli la mchanga ajifukie. Chakula kizuri tunacho: kamba mbichi aliyekatwa vipande vidogo, ngisi, uduvi wabichi waliogandishwa. Dagaa wakavu waache jikoni.

Usiku wa kwanza zima taa zote. Akijifukia na asionekane siku mbili au tatu, usichimbue mchanga kumtafuta. Kila unapomgusa unamwanzishia hofu upya. Pima amonia, hakikisha hewa inaingia vizuri, na kila asubuhi dondosha chakula kidogo karibu na alipozama, uondoe kilichobaki baada ya nusu saa.