Bamba la chuma la kuhifadhi maneno 24: chuma kizuri, wauzaji wa hovyo

Nianze na kilichoniudhi, mengine yatafuata. Kampuni inauza bamba la chuma la kuhifadhia maneno ya siri ya pochi ya kripto, yale 12 au 24 ambayo mwenye nayo anaweza kuifungua pochi na kuchukua fedha. Kazi ya bamba hilo ni kuyatunza maneno yasiharibike, mahali asipoyaona mtu. Kampuni hiyohiyo ina fomu ya malalamiko ambayo haiendi mpaka upakie picha ya bamba lililojazwa, pande zote mbili, "herufi zisomeke vizuri".

Kilichonipeleka kwenye fomu ni kipande cha herufi kilichochomoka. Bamba hili ni la aina ya vipande: unapewa mfuko wa herufi ndogo za chuma, unazipanga moja moja kwenye mfereji, kisha unafunga ukingo kwa skrubu. Kila neno lina nafasi nne tu. Hilo si kosa, kwa sababu orodha ya BIP39, kiwango ambacho pochi nyingi hutumia kutunga maneno hayo, ina maneno 2048 na herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha kila neno na mengine yote. Kosa liko kwenye maneno mafupi. Orodha hiyo ina maneno ya herufi tatu pia, na kwenye bamba hili nafasi yao ya nne inaachwa tupu. Sasa kipande cha nne cha ACTR ("actress") kikidondoka, unachobaki nacho ni "act", neno halali kabisa. CARD inageuka "car". WINT ("winter") inageuka "win", BARR ("barrel") inageuka "bar". Ukilitazama bamba huoni pengo lolote la kutilia shaka, kwa sababu pengo halali na pengo la kipande kilichopotea yanafanana. Dawa ingekuwa kipande kimoja chenye mstari mtupu cha kujazia nafasi ya nne. Hawakukiweka. Walipata nafasi ya kuweka stika tatu za nembo yao, kipande hicho wakakosa.

Madhara yake yanategemea idadi ya maneno yako. Neno la mwisho hubeba tarakimu za ukaguzi, ambazo pochi huzitumia kugundua kosa: biti 8 kwa maneno 24, biti 4 kwa maneno 12. Mwenye maneno 24 akiingiza neno moja lisilo sahihi, pochi itamkatalia karibu kila mara, kwani mpangilio wa kubahatisha hupita mara 1 kati ya 256. Itamwambia maneno si sahihi bila kumwambia ni lipi. Mwenye maneno 12 yuko pabaya zaidi: mara 1 kati ya 16 pochi itafunguka kimya kimya, tupu, na atadhani ameibiwa. Neno moja likipotea kabisa bado linapatikana kwa kujaribu yote 2048, ambapo kwa wastani ni 8 tu yatakayopita ukaguzi kwenye maneno 24, na 128 kwenye maneno 12. Lakini kazi hiyo ifanyike kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, na ni nyepesi zaidi ukijua ni neno la ngapi lenye kasoro. Bamba hili halikuambii.

Kwa nini vipande vinatoka? Ukingo wa kufungia umeshikwa na skrubu moja kwenye kila ncha, katikati hakuna kitu. Ukikaza, ncha zinabana na katikati kunabinuka kidogo, kiasi cha kutosha kwa kipande kupita. Kijikaratasi cha maelekezo kinasema ujaze pande zote mbili ndipo ukaze. Maana yake ugeuze bamba lililojaa vipande vilivyolegea. Aliyeandika hivyo hajawahi kulijaza. Halafu herufi zenyewe zina umbo la herufi ndogo (a, b, c), si kubwa (A, B, C), kwa hiyo "n" ikigeuka ni "u", "d" ikigeuka ni "p", "b" ni "q". Na herufi E ni chache mno kwa maneno ya Kiingereza.

Turudi kwenye fomu. Niliandika maelezo yote hayo bila picha, kwa barua pepe. Jibu: "Mpendwa mteja, tafadhali tutumie picha ya bamba lote ili tuone tatizo." Nikajibu kwamba herufi zilizo kwenye bamba ndizo pesa zenyewe, na kwamba naweza kutuma picha ya mfereji mtupu na ukingo uliobinuka. Jibu: "Ndugu mteja, huo ndio utaratibu wetu. Bila picha kamili hatuwezi kukusaidia. Pole kwa usumbufu." Nikauliza picha hizo wanazihifadhi wapi na nani anaziona. Kimya. Baadaye nikapata ujumbe kwamba ombi langu limefungwa, pamoja na kiungo cha kunitaka nipime huduma.

Nitamtetea kidogo yule mhudumu: huenda amepewa maneno ya kujibu na hajui anachoomba. Sawa. Lakini fomu haikujitengeneza yenyewe. Kuna mtu alikaa akaamua kwamba picha ni lazima, kwenye duka la kuuzia vyombo vya kuficha maneno. Na wapo wateja wanaotuma, maana aliyepigwa na hofu ya kupoteza fedha hutii anachoambiwa. Picha ikishapigwa kwa simu, mara nyingi hupakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla hujaweka simu mezani. Mwaka 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza programu hasidi waliyoiita SparkCat, iliyopenya mpaka kwenye maduka rasmi ya programu ya Google na Apple, ambayo ilikuwa inasoma maandishi ndani ya picha za simu ikitafuta maneno ya pochi. Hivyo hata duka likiwa la watu waaminifu kabisa, wamekufundisha kufanya jambo ambalo hupaswi kulifanya kwa sababu yoyote.

Haki yao wauzaji niwape: chuma ni chuma. Bamba ni la chuma kisichoshika kutu, aina ya 304, kinachoyeyuka kuanzia nyuzi 1400 hivi za Selsiasi, na moto wa nyumba kwa kawaida haufiki hapo. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660, kwa hiyo walichagua vizuri. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu kwa hilo. Ila moto hauhitaji kuyeyusha bamba, unahitaji tu kulipinda, na bamba la vipande likipinda humwaga kilichomo. Jameson Lopp, mtaalamu wa usalama wa bitcoin ambaye tangu 2018 amekuwa akizijaribu bidhaa hizi kwa moto, tindikali na mashine ya kukandamiza, amelionyesha hilo mara nyingi: bamba moja lisilo na viungo, lenye alama zilizopigwa ndani ya chuma chenyewe, huvumilia kuliko mitambo yenye vipande vingi. Nyota tatu zikawa mbili.

Kwa pesa hiyohiyo, tena pungufu, nunua bamba tupu la aina ya 304 au 316 lenye unene wa milimita 2 au 3, pamoja na sentapanchi (chuma chenye ncha cha kupigia nukta) au seti ya mihuri ya herufi ya milimita 3. Hakikisha mihuri imetengenezwa kwa ajili ya kupigia chuma kigumu kama hiki, maana ile ya kupigia ngozi na shaba hubutuka haraka. Weka bamba juu ya chuma kizito, si juu ya meza ya mbao inayodunda, na piga pigo moja thabiti. Ukirudia, muhuri ukiwa umesogea, herufi inakuwa mbili. Fanya mazoezi kwenye kipande cha taka. Andika namba ya kila neno, 1 mpaka 24. Wanaopiga neno moja kwenye kila washa (kile kipete bapa cha bolti) na kuzivisha zote kwenye bolti wanasahau namba mara nyingi, na bolti ikikatika maneno 24 yasiyo na namba hayapangiki tena na kompyuta yoyote. Pembeni piga "BIP39", kwa sababu Electrum, programu nyingine ya pochi, hutumia maneno ya orodha hiyohiyo kwa kanuni yake tofauti, na baada ya miaka hutakumbuka ni yapi. Neno la ziada la siri (passphrase), lile unalojichagulia kuongeza juu ya maneno hayo, kama unalitumia, lisikae kwenye bamba hilo. Pochi haikatai neno la ziada lililokosewa, inafungua tu pochi nyingine tupu, kwa hiyo nalo linahitaji nakala yake mahali pengine.

Kisha jaribu kabla ya kuweka fedha. Andika kando anwani ya kwanza ya kupokelea, futa kila kitu kwenye kifaa cha pochi, rejesha kwa kusoma bamba pekee, na karatasi iwe mbali na macho. Anwani ikifanana herufi kwa herufi, choma karatasi. Pochi kuonyesha tu kwamba maneno yamekubaliwa hakutoshi, hasa kwa maneno 12.

Nyota moja, basi. Nilipoomba kurudishiwa fedha walinijibu nirudishe bamba na vipande vyote "katika hali vilivyokuwa".

Ambaye ameshalinunua asilitupe. Jaza upande mmoja, bandika utepe wa karatasi juu ya vipande, kaza skrubu, ndipo ugeuze. Kwenye maneno ya herufi tatu weka kipande cha X kwenye nafasi ya nne: hakuna neno kwenye orodha linalochanganyika nalo kama "actx" au "carx". Usitumie gundi, huungua kabla ya chuma kupata joto la maana. Baada ya kukaza, lipindue bamba juu ya kitambaa cheupe na ulitikise kwa nguvu, na kama kuna kinachodondoka, rudia mstari huo wote tangu mwanzo. Vipande vilivyobaki vichanganye na vya seti nyingine, maana mwenye kujua seti ilikuja na herufi ngapi anaweza kuhesabu ulizotumia.