Mbavu 22 za Cub kwa fundi wa nakshi, Langoni

Natengeneza ndege ndogo ya mfano, Piper J-3 Cub, kutoka kwenye ramani, kila kipande nikate mwenyewe au nitafute wa kunikatia. Ndege halisi ina mabawa ya mita 10.7, yangu ni moja kwa kumi, sentimita 107 ncha hadi ncha. Bawa la Cub lina upana mmoja karibu urefu wote, kwa hiyo mbavu zake, vile vibao vyembamba vya ndani vinavyolipa bawa umbo, ni za umbo moja. Ubavu mmoja ukikosewa, bawa lote linaonyesha.

Mara ya kwanza nilituma faili kwa karakana moja ya leza nje ya Lamu. Mikato ilikuwa safi, siwanyimi haki yao. Lakini walivipanga vipande ili wabane ubao, nyuzi za mti zikapita upana wa ubavu badala ya urefu. Nilibonyeza mkia wa ubavu wa kwanza kwa kidole, ukavunjika. Wa pili vilevile. Balsa, mbao nyepesi ninayotumia, nguvu yake iko kwenye nyuzi, na huku kuipata si rahisi. Niliumia sana.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa milango ya nakshi hapa Langoni, mtaa wa Lamu. Ndege hajawahi kukata, jahazi anazijua, na mbavu zangu aliziita mataruma, kama mbavu za jahazi, tangu siku ya kwanza. Kabla hajashika msumeno aliweka rula kwenye ramani. "Mwanangu, hapa pameandikwa sentimita kumi. Mbona napata tisa na milimita saba?" Printa ya saiba ilikuwa imebana ukurasa! Ubavu wa milimita 160 ungetoka 155. Nikarudi kuchapisha upya kwa asilimia 100, akapima tena, ndipo akakubali kazi.

Alikata vigezo viwili vya plaiwudi, akapanga vipande 22 vya balsa ya milimita 1.5 katikati yake, nyuzi zote zikielekea mbele na nyuma, akavikaza kwa misumari miwili myembamba. Msumeno aliupitisha nje kidogo ya mstari. Kilichobaki alikimaliza kwa msasa uliozungushiwa kibao, polepole, akipapasa ukingo kwa kidole gumba kila baada ya muda, mpaka fungu zima likawa kitu kimoja. Nafasi ya mhimili, ule mti mrefu unaopita ndani ya mbavu zote, aliikata zikiwa bado zimeshikana. Alipong'oa misumari nikaupitisha mhimili mwenyewe: uliingia mbavu zote 22 kwa kusukuma tu, na haukuchezacheza.

Akaniuliza mti gani huu. Nikamwambia asili yake Amerika, watu wa Ecuador ndio wanaoupanda sana, na ni jamaa ya msufi. Akaupima kiganjani. "Ndiyo maana," akasema.

Kasoro zipo. Aliniahidi Alhamisi, nikapata Jumanne iliyofuata, maana alikuwa na mlango wa mtu wa kumaliza. Mbavu mbili za nje zilikuja na alama ya msumari iliyopanuka, nikaziba kwa gundi na unga wa balsa. Vipande vidogo vya mkiani usimpelekee, kata mwenyewe kwa wembe mpya. Nililipa shilingi 1,800, na balsa ilikuwa yangu.

Fremu za bodi nimeshampa. Safari hii nimechora mshale wa nyuzi kwa kalamu nyekundu juu ya kila kipande, naye ameniambia hakuna haja, ameshaona.