Nimeenda kubandika stika nikarudi na kijani cha aina tatu

Kila nikipaki gari pale Mnara wa Saa, hapa Arusha, kumsubiri mgeni wa utalii lazima atokee dereva mwenzangu apapase mlango halafu aulize "kaka, hii stika umebandika wapi", na jibu langu siku hizi limekuwa refu siwezi kulimaliza nimesimama juani, kwahiyo naliandika hapa mara moja liishe.

Duka silitaji jina. Humu kuna sifa na kuna lawama, na mwenye duka namheshimu na bado nitarudi kwake. Ni fremu mbili mjini kati, ukitokea Soko Kuu unatembea tu kwa mguu, ukiulizia fundi wa stika za Cruiser machalii wa hapo watakupeleka hata bila hela ya soda.

Nina Land Cruiser moja, ile ndefu iliyokatwa ikaongezwa katikati, nilinunua kwa kampuni iliyokuwa inapunguza magari. Stika zao walizibandua vizuri tu, ila rangi ya mlango ilikuwa imeshapaushwa na jua kila sehemu isipokuwa chini ya zile herufi, kwahiyo jina lao likabaki mlangoni kama kivuli, ukisimama kwa upande unalisoma lote mpaka namba ya simu. Mgeni kalipia kampuni yangu halafu anapanda gari lenye mzimu wa kampuni nyingine, haiwezekani. Nilipita maduka matatu wote wakasema piga rangi milango kwanza ndo urudi. Huyu jamaa akatoka nje na gazeti, akalibandika mlangoni na selotepu, akakichora kile kivuli kwa penseli, akarudi ndani kwenye CorelDRAW, ile programu ya kuchorea, akamsogeza sogeza twiga wa nembo yangu mpaka shingo ikalala juu ya ile herufi kubwa na mstari wa nyasi ukafunika namba ya simu. Rangi sikupiga. Hiyo ilikuwa 2022 na mpaka leo hakuna mtu amewahi kuniuliza kuhusu jina la chini.

Na ubandikaji wenyewe nilikaa kwenye ndoo nikauangalia mwanzo mwisho. Anafanya dogo mmoja hivi mkimya, hapendi kuongeleshwa akiwa kazini. Kwanza gari lioshwe, likauke, halafu anafuta mlango kwa spiriti mara mbili, hasa pale chini ambapo vumbi na grisi vinakaa. Stika yenyewe imeshakatwa na plota, ile mashine ya kukata kwa wembe, amekaa nayo mezani anang'oa vipande visivyotakiwa kwa ncha ya sindano, tundu la herufi "a", tundu la "o", moja moja, ukimwangalia unachoka wewe. Anapuliza maji yenye tone la shampuu mlangoni ili aweze kuitelezesha mpaka ikae sawa na ule mkunjo wa bodi, anapima na futi kamba kutoka mkunjo kushuka chini, anasukuma maji kutoka katikati kwenda nje na kile kiplastiki alichokivisha kitambaa, kisha karatasi ya juu anaivuta taratibu ikiwa imejikunja kabisa, siyo kuinyanyua. Kwenye ribiti na ukingo anapitisha joto. Kitu kimoja kilichonifurahisha, kona zote za herufi alizizungusha kidogo kwenye kompyuta kabla ya kukata. Nikamuuliza kwanini, akasema kona kali ndo inaanza kunyanyuka, vumbi likishaingia pale umekwisha.

Ambaye hajawahi kutoka geti la Lodoare la Ngorongoro kwenda geti la Naabi la Serengeti hawezi kuelewa hilo neno. Lami inakuacha pale getini, kinachofuata ni vumbi, mawe na ile barabara ya matuta inayotikisa mpaka meno, halafu ukirudi mjini vijana wa kuosha magari wanakupigia presha ya maji pembeni kabisa ya stika. Miaka yote hiyo, stika yangu imenyanyuka sehemu moja tu, ukubwa wa ukucha, mlango wa nyuma kushoto, na pale ni mimi nilimruhusu muoshaji aegemeze mpira. Kwa stika za gari nawapa tano kwa tano na ningetoa sita.

Sasa mwezi wa sita mwaka huu nimerudi.

Daah. Nimekuta duka siyo lile. Fremu ya pili imejaa, kuna printa ya mabango ndefu kama jeneza, kuna mashine ya DTF ya tisheti, ile inayoprinti picha kwenye filamu halafu unaipasia kwa joto, kuna ya vikombe, kuna kadi za harusi zimetundikwa, picha za pasipoti dakika tano, laminesheni, fotokopi, na friji ya soda. Kibao cha nje zamani kiliandikwa stika za magari, saivi kimeandikwa huduma nyingi mpaka huwezi kukisoma ukiwa kwenye bajaji. Nikajiambia sawa, mtu anakua, ngoja nimuunge mkono, nikaagiza vyote kwake: stika mpya ya boneti na ya kava la taili la spea, tisheti kumi na tano za wapishi na wapagazi wangu, na bango la kusimama kwa ajili ya maonyesho. Tisheti tulikubaliana elfu kumi na mbili moja.

Stika ilitoka kama kawaida yake, safi, ila nimeisubiri siku nne kazi ambayo zamani ilikuwa asubuhi unaleta jioni unaondoka. Unajua kwanini? Dogo yule yule mmoja. Mashine zimekuwa saba, mikono imebaki miwili. Anang'oa herufi zangu, anaitwa kupasia tisheti, anarudi, anaitwa bango limekwama, anarudi, kuna mama anataka picha ya pasipoti. Nimekaa kwenye ndoo ile ile namwangalia, amepasia tisheti zangu huku anaongea na mteja mwingine mlangoni, nikaona kabisa hii anaitoa haraka. Kufua mara ya kwanza tu mpishi wangu kaniletea, mkia wa twiga umeinuka kama ganda la kitunguu. Kati ya kumi na tano, sita zimeharibika. Wamenirudishia tano bila maneno mengi, hilo niwe mkweli, ya sita bado tunaongea.

Lakini tisheti siyo iliyoniuma. Kilichoniuma ni picha. Tumemaliza njia ya Machame ya Kilimanjaro mgeni akatupiga picha wote tumesimama mbele ya gari, bango pembeni, tisheti mwilini. Nimeiangalia kwenye simu usiku nikaona kitu, kijani cha gari ni kijani changu nilichokichagua 2022, kijani cha bango kimeenda kwenye bluu, kijani cha tisheti kimekuwa kama cha maparachichi yaliyoiva sana. Kampuni moja, picha moja, kijani cha aina tatu. Nilipomuonyesha mwenye duka akanieleza vizuri tu, kwamba stika ya kukata rangi yake inatoka kiwandani iko kwenye rola, haibadiliki hata ukate mwakani, wakati ya kuprinti inachanganywa na wino kwenye mashine na kila mashine ina macho yake, na kile unachokiona kwenye skrini ni mwanga siyo wino. Nimeelewa. Lakini kaka, kama unajua hivyo si ungeniprintia kipande kidogo nikione kwanza kabla ya kutoa bango zima? Akacheka, akasema mwezi wa sita hakuna muda wa vipande.

Hapo ndo tukaanza kuongea kiukweli, akaagiza chai na chapati. Mimi nilienda na hoja yangu kichwani kwamba rudi kwenye stika achana na haya makolokolo. Akaniuliza swali moja tu, "mwezi wa nne wewe ulinipa kazi gani?" Nikanyamaza. Mwezi wa nne na wa tano masika, kambi zingine zinafungwa, magari yamelala gereji, hakuna anayebandika stika kwasababu hakuna mwenye hela mpaka wageni waanze kuingia wa sita. Kodi ya fremu haijui masika, alilipa miezi sita kwa mkupuo, Luku inaenda, dogo anataka hela yake. Akaona bora awe na vitu vya watu wa mjini, harusi hazina masika, shule hazina masika. Na DTF alinunua akiwaza AFCON 2027, maana tunaandaa na Kenya na Uganda na sisi Arusha tukajengewa uwanja, watu watataka jezi na fulana. Siyo mjinga huyu jamaa.

Ila kuna kitu alinieleza mwenyewe huku hajui kama anajipinga. Plota ya kukata ukiizima mwezi wa nne ukaifunika na kitenge, mwezi wa sita unaiwasha inakata kama jana, wembe tu unabadilisha. Printa haiko hivyo, ikikaa bila kazi wino unakauka kwenye hedi, kile kichwa kinachotema wino, inaziba, na DTF ndo mbaya zaidi kwasababu ina wino mweupe, ule mweupe unatuama chini kama uji, usipoukoroga na kuuzungusha kila siku umekwisha. Kwahiyo yeye wakati wa masika anaprinti mistari ya majaribio asubuhi ili hedi isife, wino wa hela unaenda kwenye karatasi ya kutupa. Umeme ukikata katikati ya bango ndo bango limeharibika hilo. Yani amenunua mashine za kumsaidia wakati hakuna kazi, na ndizo zinazomla wakati hakuna kazi!

Mimi siyo mtu wa grafiksi, naendesha gari. Ila nikiangalia pale dukani naona vitu viwili tofauti vimechanganywa. Vikombe kwa mfano, vikombe havina tatizo lolote, vinafanywa na dada wa kaunta, dogo hahusiki, na wanaovinunua ni sisi sisi wenye kampuni, mgeni akimaliza safari unampa kikombe kina jina lake na picha yake na simba. Hiyo ni kazi imeongezeka bila kumpokonya mtu mikono, na inamfuata mteja aliyeshaingia mlangoni. Kava la taili la spea hivyo hivyo, stika za kuakisi mwanga hivyo hivyo. Tisheti na mabango na kadi za harusi ni wateja wengine kabisa, wana haraka nyingine, na wanamvuta yule dogo.

Na mabango hapa mjini yapo ya kumwaga, kuna watu wanaprinti kutwa kucha, hedi zao hazikauki kwasababu hazipumziki. Wenye maduka madogo wengi wanachukua oda, wanapeleka faili kwa mwenye mashine, wanaweka cha juu, mteja hajui na hana shida ya kujua. Uniforomu ningempelekea mtu wa kudarizi, nembo ya uzi haibanduki hata ukiifulia mtoni. Nikamwambia hivyo, akasema sasa hizi mashine nizipeleke wapi, nikakosa jibu, maana mkopo ni wake siyo wangu.

Nilichomwambia kingine, na hiki naona alikiandika kwenye simu, ni kwamba mwezi wa tano ndo magari yetu yote yako gereji yanapigwa rangi na kubadilishwa springi, ndo wakati wa kubandika stika kuliko wakati wowote, tatizo ni hela tu. Atupe bei ya masika, tulipe nusu, nusu nyingine wageni wakianza kuingia. Mimi ningeleta. Najua wengine wanne wangeleta. Mwezi wa sita tusingekaa kwenye ndoo siku nne. Wenzangu mtasema atakimbiwa na madeni, inawezekana, sisi madereva tunajijua.

Kwahiyo ukienda, stika za gari peleka bila wasiwasi, ila mpigie wiki moja kabla uhakikishe ni dogo ndo atabandika, na kama hayupo ahirisha. Gari lifike limeoshwa. Logo nenda nayo kwenye faili la vekta, siyo ile picha ya WhatsApp, ile plota inafuata mistari na picha ya WhatsApp haina mistari ina ukungu, watakutoza hela ya kuichora upya na wana haki. Baada ya kubandika kaa siku nzima bila presha ya maji. Risiti omba, wanatoa. Tisheti kwa sasa mimi ningepita mbali, na bango usikubali lianze kuprintiwa kabla hujaona kipande cha rangi mkononi mwako, nje, kwenye jua, siyo ndani chini ya taa yao.

Kikombe nilinunua kimoja cha mama yangu kina picha ya wajukuu, kimeshaoshwa na steelwaya mara ngapi sijui, bado wanacheka wote.