DDJ-400 kwa sie wa drum and bass, inafaa au vipi?

Kwa anayeanza kuchanganya drum and bass, yaani muziki wa biti za kasi, hii mashine ya DJ ya Pioneer inatosha kabisa, chaneli mbili tu lakini kitu muhimu kipo, yaani renji ya tempo (kiasi unachoweza kuongeza au kupunguza kasi ya ngoma) unachagua mwenyewe, asilimia 6, 10 au 16. Mi naiacha kwenye 6 maana trak nyingi za siku hizi ziko biti 172 mpaka 176 kwa dakika hivi, nacheza seti nzima 174 na mkono unagusa kidogo tu. Shida inakuja na jangal (jungle, muziki uliozaa drum and bass) za miaka ya 90, ngoma ya 160 ukitaka ifike 174 inabidi uivute karibu asilimia 9, hapo 6 haitoshi unaenda 10, afu ukiwasha ile ya kulinda ki (key, ili sauti isipande kasi ikipanda), snea inapoteza kishindo na vokali zinakwaruza. Bora uizime sauti ipande juu kidogo kama sahani ya santuri, au ushushe seti nzima iwe 168, watu watacheza tu bwana. Slaida yenyewe ya tempo fupi lakini, ukiwa kwenye 16 ukigusa tu biti zimeachana. Na rekordbox, ile programu inayopima kasi ya trak, ikikusomea 87 usishtuke, hiyo ni nusu ya 174.