TAHADHARI: Kadi za njano "bila sindano" wanazouziwa madereva na wasafiri

Wakuu, kuna vishoka wanauza kadi za chanjo ya homa ya manjano, na wanaowalenga zaidi ni madereva wa malori wanaotoka Dar na mzigo wa Lubumbashi kupitia Tunduma. Ujumbe wao ni mfupi: "Tuma jina, namba ya pasipoti na hela, jioni kadi unayo." Sindano hakuna. Ukimwambia unaondoka kesho, anakujibu usijali, tarehe inarudishwa nyuma.

Nimeshika mkononi kadi mbili alizouza mtu mmoja kwa madereva wasiofahamiana. Namba ya toleo la chanjo ni ileile, tarehe ileile, na saini ya mchanjaji haikuandikwa kwa kalamu, imechapwa pamoja na karatasi. Ukiweka kadi moja juu ya nyingine na kuzimulika, saini zinalaliana bila kupishana hata nukta. Dereva mmoja alikamatiwa mpakani. Mzigo ukalala, tajiri akampa gari mtu mwingine, na kijana wa watu sasa hana kazi.

Na huyo ana nafuu, maana hakuumwa. Homa ya manjano haina dawa ya kuua kirusi chake. Wengi hupona, lakini wale inaowarudia kwa ukali, macho yakageuka manjano na damu kuanza kutoka, karibu nusu yao hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Mlipuko ulioanza Luanda, Angola, Desemba 2015 ulivuka hadi Kinshasa, Kongo. Mwaka 2016 Kenya ilipokea wagonjwa wawili waliotoka Angola, na China ikapata 11, wote wametoka kulekule. Mbu wa kuusambaza, Aedes, hata Dar tunaye, ndiye huyuhuyu wa dengue. Kwa hiyo anayevuka na kadi ya uongo anaweza kurudi na kirusi nyumbani kwake.

Kuna na utapeli wa pili, huu naona watu wazima ndio wanaopigwa sana: wanaambiwa kadi yao ya zamani "imeisha miaka kumi," walipie mpya. Uongo mtupu. Tangu Julai 11, 2016, kadi halali ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10. Usilipe.

Chanjo ya kweli unaiona kwa macho. Nesi anatoa kichupa kwenye baridi, anachanganya unga na maji yake, anakuchoma, ndipo anajaza kadi mbele yako. Hufanyika kwenye vituo vilivyoidhinishwa na Wizara ya Afya, na kadi inaanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai au mwenye kinga iliyoshuka sana amwambie daktari mapema. Ikibidi asichanjwe, ataandikiwa cheti cha msamaha, ila aulize kwanza kama nchi anayokwenda inakikubali.

Kama ulishanunua, usiipeleke mpakani. Nenda kachanjwe, pata kadi yako halisi, na ile ya kishoka ipeleke polisi pamoja na ujumbe wa muamala na namba aliyotumia. Usifute chochote kwenye simu.