Chaja ya volti 24 kwenda 12 kwenye Coaster yangu ya kulala: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja

Kabla sijaisifu hii chaja, niseme kwanza kwamba nimezika betri tatu. Bila zile betri nisingejua hata kama kuna kitu cha namna hii.

Mimi ni mnunuzi wa parachichi. Msimu ukishaanza nazunguka Rungwe, Njombe na Makete, na gesti za huko vijijini ama zimejaa ama mlango haufungi. Nikanunua Coaster kuukuu, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, taa, na pembe ya kuchajia simu na mizani. Chini ya kitanda kuna betri ya jeli ya volti 12, ampea-saa 200. Juu ya paa kuna paneli ya wati 200, ambayo ukungu wa Tukuyu ukishuka inabaki pambo.

Coaster yangu ni ya volti 24, yaani mbele ina betri mbili za 12 zilizoungwa moja nyuma ya nyingine. Vyombo vya nyuma vyote ni vya 12. Fundi wa kwanza, hapa hapa Mbeya mjini, alimaliza kazi kabla sijamaliza chai: alivuta waya kwenye ile betri moja ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi ya gari, akapata 12 yake, akaipeleka nyuma. Taa zikawaka. Nikamlipa na soda juu.

Miezi mitatu baadaye, saa kumi na moja alfajiri, niko Chimala, nageuza ufunguo na gari linasema tik, tik, basi. Vijana wakasukuma. Nikanunua betri moja mpya. Baada ya muda ikarudia, nikanunua nyingine, ikarudia tena. Kila niliyemuuliza alisema alteneta, ile dinamo inayochaji betri gari likiwaka, imechoka, na nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya alteneta. Kitu kimoja kilinishangaza ila sikukitilia maanani: betri moja ilikuwa inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, mwenzake haigusi, na nikifunua pale pananuka mayai viza.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa Makambako, ambaye kibanda chake hakina hata kibao.

"Shikamoo mama. Liwashe, usizime."

Akapima betri zote mbili kwa pamoja: 28.2. "Alteneta nzima hii, mama, usinunue." Akapima moja moja. Ile ya kwenye bodi, 12.8. Ile nyingine, 15.4. Akanitazama. "Nani alikuungia hivi? Moja inakufa njaa, mwenzake unaishindilia."

Ukijumlisha unaona mwenyewe. Alteneta inaangalia jumla tu, haijui ndani ya ile 28 nani kapata nini. Betri inayolisha friji yangu usiku kucha inaamka tupu, inavuta volti chini. Iliyoshiba inabebeshwa zilizobaki, inachemka mpaka maji yanakauka. Na nilipokuwa nabadilisha moja tu, nikaacha kuukuu pembeni yake, nilikuwa nazidisha ugomvi. Kwa hiyo zile tatu hazikuwa na kosa. Nazihurumia mpaka leo.

Ndipo nikaagiza chaja ya 24 kwenda 12, ya ampea 20, ikaja na basi kutoka Dar. Chapa siitaji, maana zinazofanana ni nyingi. Soma yaliyoandikwa mgongoni. Usichanganye na kile kipunguza volti cha redio. Kipunguza kinatoa volti zile zile wakati wote. Chaja inapandisha hadi 14 na kitu, inashikilia mpaka betri ishibe, halafu inashuka yenyewe isiikaange. Yangu ina sehemu ya kuchagua aina ya betri, nikaweka jeli. Bei yake ilizidi betri moja na haikufika mbili, kwa hiyo kwangu mimi hesabu ilikuwa nyepesi.

Wiki ya kwanza nikaitukana. Betri ya nyuma ilikuwa haijai, natoka Mbeya naingia Njombe na friji inazima usiku. Nilikuwa nimeshanunua mita yangu (nunua yako, ni bei ya kuku wawili), nikapima huku gari linaunguruma. Mdomoni mwa chaja, 14.4. Kwenye betri ya nyuma, 13.4. Volti nzima imepotelea njiani! Chaja tuliifunga mbele karibu na injini, halafu tukatumia waya ule ule mwembamba wa fundi wa kwanza, wa milimita 4 za mraba, karibu mita 12 kwenda na kurudi. Kwa ampea 20 waya huo unakula volti moja bila aibu. Chaja inaona 14.4 kwake, inadhani mgonjwa ameshiba, inapunguza kulisha.

Kijana wa Makambako akaihamishia chini ya kitanda, hatua moja kutoka kwenye betri. Sasa safari ndefu ya waya iko upande wa 24, ambako kwa kazi ile ile inapita karibu nusu ya ampea, na tukaweka waya mnene wa milimita 16 za mraba. Fyuzi mbili, moja mbele pale waya unapoanzia, nyingine nyuma karibu na betri. Hizi usizibanie. Waya mnene usio na fyuzi ukikwaruzika kwenye chuma ni moto, nawe umelala juu yake. Tukapima tena: kwenye betri, 14.3.

Pia waya mdogo wa kuiamsha chaja tulikuwa tumeuunga penye umeme wa kudumu, ikawa inafyonza betri za mbele hata gari limezimwa. Tukauhamishia kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa. Dakika kumi.

Tangu hapo, msimu mzima, gari halijasukumwa. Betri za mbele nilinunua mbili mpya kwa siku moja, na nikipima kila moja likiwa linaunguruma zinakaa 14.1 kwa 14.1, mapacha. Kuchaji kwa haraka usikutegemee: betri ya 200 ikiwa nusu inadai ampea-saa 100, na kwa chaja ya 20 ni saa tano au zaidi barabarani, maana mwishoni inapokea polepole. Mbeya hadi Njombe, pamoja na vibao vyote vya 50, haitoshi kuijaza. Ningekuwa na hela ningechukua ya 30.

Malalamiko ninayo. Inapata moto sana, na ikipata moto inapunguza kazi. Nilikuwa narundika mablanketi pale mpaka nikatoboa matundu kwenye ubao wa kitanda. Kingine ni baridi. Haina kihisio cha joto la betri, na betri za madini ya risasi, hata hii ya jeli, kwenye baridi zinataka volti zaidi kidogo, karibu nusu volti joto likipungua kwa nyuzi 20. Mwezi wa saba nilipolala Matamba, njia ya kupandia Kitulo, asubuhi mita ikanisomea 12.2, yaani betri imebaki nusu, wakati matumizi yale yale Mbeya yangeniachia 12.5. Wanaoshinda huko juu watafute yenye waya wa kupima joto. Na kijitabu chake kina herufi za kusomea na darubini.

Nyota nne. Ya tano nimempa kijana wa Makambako. Ule waya wa fundi wa kwanza sikuutupa, nimeufunga kati ya Coaster na mti wowote ninapoegesha, naanikia kanga.