Nakuru hadi Eldoret kupitia Kabarnet: uzoefu wangu na matatu za milimani

Magari ya moja kwa moja kutoka Nakuru hadi Eldoret hupita barabara kuu ya Timboroa na Burnt Forest, na mwenye haraka apande hayo. Mimi nazungumzia njia ya pili: Nakuru, Mogotio, Marigat, Kabarnet, kisha unateremka Bonde la Kerio na kupanda tena mpaka Iten. Ni ndefu, ina kona nyingi, na itakula siku yako karibu yote ukitaka kushukashuka sokoni. Nimeipita zaidi ya mara moja, na sijapata nauli nyingine ya matatu inayokuonyesha nchi kiasi hiki.

Magari ya Kabarnet ni zile Nissan za abiria 14. Hayana saa maalumu: likijaa, linaondoka, na asubuhi hujaa upesi. Omba kiti cha mbele kando ya dereva. Kikiwa kimeshachukuliwa, kamata dirisha la kulia, sababu nitaieleza. Jambo la kuuliza kabla hujatoa pesa ni nauli ya kuishia njiani. Kuna makondakta wanaomtoza anayeshukia Marigat nauli kamili ya Kabarnet, na gari likishatoka steji huna nguvu tena ya kubishana.

Ukipita Kampi ya Moto, sweta inavuliwa. Mkonge wa Mogotio unafuatana nawe kwa mistari iliyonyooka, mnavuka ikweta bila gari kupunguza mwendo, halafu udongo unageuka mwekundu na migunga inaanza kutawala. Sehemu hii si ya kupiga picha nyingi. Ni ya kuuzoesha mwili joto.

Marigat ndipo pa kushuka. Mji wenyewe ni vumbi, kelele na jua, lakini soko lake nalipenda kuliko masoko mengi makubwa. Asali ya Baringo imepangwa kandokando ya barabara kwenye chupa za kila namna, nyingine nyepesi rangi ya chai ya rangi, nyingine nyeusi kabisa. "Onja kwanza, kastoma, ndiyo ununue," mama mmoja aliniambia huku akinimiminia kidogo kiganjani, na hivyo ndivyo inavyofaa kununua asali, si kwa kutazama lebo. Tikiti maji ni tele zikiwa za msimu. Kijani unachokiona karibu na mji kina hadithi mbili tofauti. Kimoja ni cha mradi wa umwagiliaji wa Perkerra, ulioanza miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa enzi za Mau Mau. Kingine ni mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kumeza malisho na kuharibu meno ya mbuzi. Kwa macho ya mpita njia vyote vinapendeza. Kaa dakika chache na mfugaji yeyote pale atakutenganishia.

Baada ya Marigat ndipo kiti cha kulia kinapolipa. Barabara inaanza kupanda Milima ya Tugen, na kila kona inakurudishia bonde lote ulilotoka, safari hii likiwa chini yako, na Ziwa Baringo limetandazwa upande wa kaskazini, maji yake ya rangi ya udongo. Katika milima hii ndimo watafiti walimopata, mwaka 2000, mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi yapata miaka milioni 6 iliyopita. Kabarnet ina jumba la makumbusho dogo ndani ya nyumba ya zamani ya mkuu wa wilaya. Ukiwa na saa moja ya ziada, pita hapo, kisha ule chakula cha mchana mjini kabla ya gari la pili.

Sasa malalamiko. Magari niliyopanda yalikuwa na mikanda kama sheria za matatu za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilivyoagiza tangu 2004, lakini kwenye gari moja niliongezewa abiria wa nne kwenye kiti cha watatu mara tu tulipopita kizuizi cha polisi. Mzee aliyebanwa dirishani alimwambia kondakta, "Kijana, hii milima haitaki mchezo," na kondakta akanyamaza. Namuunga mkono mzee. Barabara tambarare ni kitu kimoja. Mteremko wa kona mfululizo ukiwa na watu wasiofungika mikanda ni hatari tupu, na kama abiria tunayo haki ya kukataa kusonga. Siku nyingine niliambiwa gari linafika Eldoret, na Iten tukauzwa, yaani tukahamishiwa gari jingine. Nauli ya mbele ililipwa na kondakta wa kwanza, hilo nalikiri, ila mama aliyekuwa na magunia alihangaika kuyahamisha bila msaada.

Madereva, kwa upande wao, nawapa sifa zote. Kutoka Kabarnet unashuka hadi Mto Kerio, na ng'ambo Ukingo wa Elgeyo umesimama kama ukuta uliofunga upeo wote. Dereva wetu alishuka kwa gia nzito, hakutegemea breki peke yake. Pale Cheploch mto unapita kwenye korongo jembamba la mawe, na vijana hujirusha majini kutoka juu wakitarajia kitu kidogo kutoka kwa wasafiri. Sehemu za Biretwo, msimu wa maembe ukiwadia, kina mama hukimbilia madirishani na ndoo zilizojaa. Halafu unaanza mpando wa Tambach, zaidi ya mita 1,000 kutoka sakafu ya bonde hadi Iten. Rangi zinabadilika jinsi hewa inavyopoa: kahawia ya vichaka, kisha migomba na mahindi kwenye vitambaa vya mashamba vilivyoning'inia mteremkoni, kisha misonobari na ukungu. Sweta inavaliwa tena. Masikio yanaziba, na watoto garini wanaanza kuuliza maswali.

Iten, mji wa wanariadha, shuka hata kwa chai tu, utazame bonde kutoka ukingoni kabla jua halijageuka. Kutoka hapo hadi Eldoret ni mwendo mfupi wa mashamba, na magari hayakosekani.

Kama unapanga kwenda, toka Nakuru alfajiri. Mchana ukisogea, magari ya kutoka Kabarnet kuelekea Iten huchelewa kujaa, na bonde lile usilivuke gizani. Beba pesa taslimu za sokoni, maji, na chombo kigumu chenye kifuniko kwa ajili ya asali, maana chupa za Marigat huvuja kwenye kona.